Fundi, usilaumu moto

Mhariri,

Mafundi wa Nairobi wanaounganisha metali na kioo hulaumu moto bure kioo kinapopasuka. Fimbo ya shaba ya milimita 100 ikipoa kwa nyuzi 400 hunywea takriban milimita 0.68, kioo cha dirisha hunywea 0.36 tu. Hapo ndipo ufa huzaliwa, wakati mwingine kazi ikiwa imeshapoa kabisa.

Aloi ya Kovar (nikeli asilimia 29, kobalti 17, iliyobaki chuma) inafaa, lakini kwa kioo cha borosiliketi (kioo chenye boroni) kinachotanuka na kunywea karibu sawa nayo. Kile cha vyombo vya maabara hutanuka kidogo mno! Ipashe aloi kwanza hadi iwe kijivu. Ikiwa nyeusi yenye magamba, kiungo kitavuja. Ukishaiunganisha na kioo, kiungo kipoe polepole tanurini.

Fundi wa kioo,
Nairobi