Bibi harusi huketi, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa mitindo wa Jumapili iliyopita umewaonyesha mabibi harusi magauni saba, na katika yote saba aliyevaa amesimama. Hakuna hata mmoja aliyeketi. Mimi nashona na kurekebisha magauni ya harusi hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 27 huu, na bibi harusi ninayemjua mimi husimama kidogo sana. Anaketi kwa mpambaji, anaketi kwenye gari, kisha anaketi jukwaani saa tatu nzima huku mashangazi wanapanda kumtunza. Gauni la kusimamia tu, mahali pake ni kwenye sanamu ya duka.

Desemba iliyopita aliniletea gauni binti mmoja aliyeliagiza mtandaoni. Mkia wa samaki, limebana mpaka magotini, shanga kifuani kama mvua. Lilifika zikiwa zimebaki siku 9, na zipu ikagoma kwa inchi 2 na nusu. Muuzaji alimtumia namba ileile anayovaa kwenye magauni ya kawaida, wala hakumwambia kwamba magauni ya harusi mengi namba zake ni ndogo. Nikafumua ubavuni nikitarajia kukuta kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Hola! Walikata hadi ukingoni.

Satini nyeupe ya dukani isingefaa, maana weupe una rangi zake: kuna wa maziwa, kuna wa chaki, na ule wa bluu unaojitokeza taa zikiwaka. Ikabidi nikate vipande viwili kwenye mkia wa gauni lenyewe, nivitie ubavuni, nihamishe shanga moja moja kuficha mshono. Nilimtoza shilingi 80,000, na macho yangu yaliuma wiki nzima. Gauni likafunga. Lakini kuketi? Ukumbini alijibandika ukingoni mwa kiti, mgongo umenyooka, miguu mbele. Bibi yake akaninong'oneza, "Fundi, mjukuu wangu mbona kakaa kama anasubiri basi la Muheza?"

Tangu hapo nimeweka sharti. Anayekuja kupimwa aje na viatu vya siku yenyewe, maana pindo hukatwa kwa kisigino, na aje na sidiria atakayoivaa. Nyonga nazipima mara mbili, akiwa amesimama na akiwa ameketi. Kwa wengi zinaongezeka inchi moja au mbili akishaketi, na huko ndiko zipu zinakopasukia. Mkia mrefu naushonea vifungo nyuma ili uinuliwe akitoka kanisani au baada ya picha, la sivyo watoto wataukanyaga wote. Na bitana iwe ya pamba. Joto letu la Januari ndani ya nailoni na kolseti si la kufanyia mzaha, mpambaji apake poda mara ngapi?

Jambo jingine. Mwandishi wenu anasema gauni jeupe ndiyo mila tangu enzi, na kisutu, ile kanga ya harusi, ni "cha mabibi wazee". Huko Uingereza kwenyewe bibi harusi alikuwa anavaa gauni lake zuri kuliko yote, la rangi yoyote. Malkia Victoria alipoolewa na Albert mwaka 1840 amevaa satini nyeupe na lesi, ndipo wenye uwezo wakaanza kuiga, na wengine wakafuata taratibu. Mama yangu hapa Tanga alitolewa kwa doti ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na aliketi, akala, akacheka. Siupingi weupe, ndio unaonilisha. Ila msiwaambie wasichana kwamba cha kwao ndicho kilichopitwa na wakati.

Mapambo nayo mmeyamaliza kwa taji na glovu. Taji la vioo lenye uzito, kichwani penye rasta mpya zilizokazwa, ni maumivu ya kichwa kabla ya keki kukatwa. Kikuba hamkukitaja hata kidogo! Asumini, rihani na waridi, kinafungwa jioni, kinalazwa kwenye kitambaa kibichi, asubuhi chumba kizima kinanukia. Kibandikeni kwenye mtandio tu, si kwenye satini, kwa sababu maji ya maua yanaacha alama ya kahawia na sina dawa yake. Hina ipakwe siku mbili kabla, ikauke, ibanduke yote. Ila piko la rangi ya nywele mimi silitaki karibu na mteja wangu: lina kemikali iitwayo PPD, na wako watu wanaotoka malengelenge kwayo. Lengelenge halijifichi chini ya glovu ya lesi.

Ombi langu ni dogo. Mkichapisha tena magauni, mwekeni mmoja ameketi, hata pembeni mwa ukurasa, tuone kiuno kinafanyaje na mkia unakwenda wapi. Mpigapicha wenu akikosa kiti, cha mteja wangu kipo hapa dukani. Hakina mto, lakini hakiyumbi.

Fundi wa Barabara ya 12,
Ngamiani, Tanga