Nywila Pekee Haitoshi Kulinda Seva ya Barua Pepe ya Ofisi

Wateja wetu wengi hapa Kigoma ni mawakala wa forodha na wasafirishaji wa mizigo ya Bujumbura na Kalemie, na baadhi yao wana seva zao wenyewe za barua pepe, yaani kompyuta zinazopokea na kutuma barua za ofisi. Ankara na namba za akaunti za benki hupita humo kila siku, hivyo mwizi aliyeingia katika sanduku moja tu anaweza kusoma kimya kimya kwa wiki kadhaa, kisha akatuma ankara yenye akaunti yake kwa jina la mhasibu wako.

Tukifungua kumbukumbu za seva ya mteja mpya, hukuta majaribio ya kuingia yaliyofuatana usiku kucha: kwa jina la info, kisha admin, kisha uhasibu, kila moja kutoka anwani tofauti ya intaneti. Programu ya ulinzi iitwayo Fail2ban hufungia anwani inayokosea mara nyingi, lakini anwani iliyokosea mara moja tu huipita.

Ndiyo maana tunaongeza hatua ya pili, yaani namba ya tarakimu sita inayobadilika kila baada ya sekunde 30. Simu huikokotoa yenyewe kutokana na ufunguo wa siri na saa, kwa hiyo haihitaji SMS wala mtandao. Sharti ni kwamba saa ya seva iwe sahihi, kwani ikienda mbele au nyuma kwa dakika chache tu namba zote zitakataliwa.

Hapa ndipo wengi hukosea, nasi tunalisisitiza sana jambo hili. Namba hiyo huulizwa kwenye ukurasa wa wavuti wa kusomea barua, kama vile Roundcube, ilhali programu ya barua kwenye simu, inayopitia poti 993 na 587 (njia za seva za kusomea na kutumia barua), kwa kawaida haiulizi chochote zaidi ya nywila. Mlango wa mbele umefungwa, wa uani uko wazi. Dawa yake ni kuipa kila programu nywila yake ndefu iliyotungwa na seva, na kuiamuru seva iikatae nywila kuu, ile unayoingilia kwenye wavuti, kwenye poti hizo. Simu ikiibwa sokoni Mwanga, tunafuta nywila ya simu hiyo peke yake, na wenzako wanaendelea na kazi.

Kabla hatujafika ofisini kwako kuweka ulinzi huu, tunakuomba uandike kila kifaa kinachotumia barua pepe ya ofisi, ikiwamo mashine ya kuskani nyaraka, ambayo mara nyingi husahaulika ikiwa na nywila ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka.