Mkia ukatwe kwanza, ndipo tuzungumze

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mapambo ya wanyama inasema majike huwachagua madume waliopambika "kwa faida ya spishi". Hapana. Uteuzi wa kijinsia, yaani ushindani wa kupata wenza wa kuzaa nao, kama Charles Darwin alivyoueleza mwaka 1871, hauijui spishi. Unachohesabu ni nani kaacha watoto wengi kuliko mwenzake. Pambo linaweza kumchosha dume na kumwanika mbele ya adui, na bado likaenea, mradi majike ambao linamletea wanafidia hasara hiyo.

Kosa jingine limejificha zaidi. Mwandishi anaona dume wa mkia mrefu ana majike wengi, anahitimisha kwamba wamefuata mkia. Je, kama wamefuata eneo lake lenye nyasi nzuri za kuficha viota? Au kama mkia unawatisha tu madume wenzake, naye akabaki na eneo bora? Kwa kutazama peke yake huwezi kujua.

Mtafiti wa tabia za wanyama, Malte Andersson, alionyesha namna ya kujua. Alifanya kazi Kinangop, Kenya, na ndege mweusi aitwaye kitaalamu Euplectes progne, ambaye mkia wa dume hufikia takriban nusu mita. Alichukua madume 36 katika makundi tisa ya wanne wanne, akahesabu kwanza viota katika eneo la kila mmoja, kama kipimo cha majike aliowapata. Kisha katika kila kundi dume mmoja alikatwa mkia ukabaki sentimita 14 hivi. Vipande vilivyokatwa akabandikiwa mwenzake kwa gundi, mkia ukaongezeka kama sentimita 25. Wa tatu alikatwa, halafu akarudishiwa manyoya yaleyale. Wa nne hakuguswa mkia.

Huyo wa tatu ndiye wanafunzi wengi humsahau, na bila yeye jaribio zima lina tundu. Tofauti ikitokea, utajuaje kuwa imeletwa na urefu, si gundi wala msukosuko wa kukatwa? Vivyo hivyo na ile hesabu ya awali: bila hiyo, ubora wa eneo unaweza kujifanya ubora wa mkia.

Matokeo, yaliyochapishwa 1982, yalikuwa wazi. Walioongezewa mkia walipata viota vipya vingi kuliko wengine. Waliofupishwa hawakunyang'anywa maeneo, wala hawakupunguza madaha yao ya kuvutia majike. Kwa hiyo silaha ya kugombea eneo haikuwa mkia. Mkia ulikuwa unachaguliwa na majike.

Msijenge kanuni moja kwa wanyama wote, lakini. Huko Serengeti, watafiti Peyton West na Craig Packer waliweka masanamu ya simba dume yenye manyoya tofauti ya shingoni. Majike waliwaendea wenye manyoya meusi zaidi. Madume waliwakwepa haohao. Pambo moja, watazamaji wawili, na gharama yake ni joto, kwa kuwa manyoya meusi humchemsha mwenyewe.

Tena upendeleo unahitaji mwanga wa kuonea. Miongoni mwa furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kuna spishi mbili zilizo karibu sana, dume wa moja mwekundu, wa nyingine wa buluu. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba chini ya mwanga mweupe jike huchagua dume wa spishi yake. Chini ya mwanga wa rangi moja ya chungwa, rangi hizo hazitofautiki, naye hachagui tena. Watoto wa mchanganyiko huo wana uwezo wa kuzaa, kwa hiyo hakuna kingine cha haraka kinachozizuia spishi hizo kuchanganyika. Maji ya ziwa yanapochafuka kwa rutuba inayooshwa kutoka nchi kavu, hufanya kazi ileile ya taa ya chungwa. Yeyote anayepima upendeleo wa samaki kwenye tangi, basi, aandike aina ya taa aliyotumia kabla ya kuandika jike kamchagua nani.