Mlisha sumu anachora kalenda?

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa usiku, sijapata hata lepe la usingizi. Mama yuko chumba cha pili, namsikia anavyoguna kila akigeuka. Kukicha ni Jumatatu. Jumatatu ndiyo siku yake ya vidonge sita vya methotreksati, dawa ya baridi yabisi ya viungo vyake, au ilikuwa, kabla ya kile kikao cha familia.

Familia zetu unazijua. Kaka alisoma mahali kwamba methotreksati ni dawa ya kansa, akasimama mbele ya wakubwa na wadogo akasema namlisha mama sumu. Sumu, Shangazi.

Ni kweli wenye kansa wanapewa, sijawahi kulificha, lakini wao hupewa kiasi kikubwa mno kuliko hiki. Mama aliandikiwa miligramu 15 kwa wiki, yaani vidonge sita vya 2.5, mara moja basi, na foliki, ile vitamini, ya miligramu 5 siku ya Alhamisi ili mdomo usimtoke vidonda. Kila miezi mitatu anapimwa damu, ini na figo. Karatasi zote zimo kwenye faili. Sumu ni pale mtu anapokosea akaimeza kila siku, uboho ulio ndani ya mifupa ukashindwa kutengeneza damu. Ndiyo maana kila Jumatatu nimeizungushia wino mwekundu ukutani. Mlisha sumu gani anachora kalenda?

Sasa anakunywa za dukani. Diklofenaki asubuhi na jioni, na prednisoloni za miligramu 5, nne siku ikiwa mbaya, akipata nafuu anaacha. Uso umevimba umekuwa duara, mawifi wanasema kanenepa, kapendeza. Na maumivu yamepungua, nakiri, hapo ndipo wananishinda kwa maneno. Ila diklofenaki inanyamazisha maumivu tu, kiungo kinaendelea kuliwa, na vidole vikishapinda havirudi. Zikichanganywa hizo mbili tumbo linaweza kuvuja damu. Prednisoloni ya miezi mingi inadhoofisha mifupa ya mgongo na nyonga, inapandisha sukari na presha, inaleta mtoto wa jicho, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Ukishaizoea wiki kadhaa kisha ukaikata ghafla, mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake inayofanana nayo: mtu anatapika, presha inashuka, anaanguka.

Kaka anasema ni baridi tu, akandwe maji ya moto. Hii si baridi. Hii ni baridi yabisi ambayo kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe, na haiishii vidoleni. Isipotulizwa inafika kwenye mishipa ya moyo, hatari ya moyo inapanda kama mara moja na nusu ya mtu mwingine. Mapafu yanaweza kupata makovu. Hata shingo: pingili mbili za juu kabisa zinaweza kulegea, kwa hiyo akihitaji upasuaji, mtoa usingizi lazima aambiwe kabla hajamkunja shingo. Nani atamwambia? Yule aliyesoma mahali?

Mama mwenyewe hasemi ndiyo wala hapana. Anasema, "Wanangu, mkishapatana mtaniambia."

Mimi nimechoka, sitaki kujihusisha tena, kila mtu abebe lake. Ila vidonge ninavyo, vimebaki 24, ndizo Jumatatu nne zilizopita bure. Nimewaza kuvitia kwenye uji wake. Usinieleze hatari, nazijua. Havifai kusagwa, vumbi lake ni baya hata kwangu ninayesaga. Akikohoa, mtu akamnunulia Septrin, ile antibiotiki, bila kujua ana methotreksati mwilini, uboho unaweza kusimama, na anayejua sababu ni mimi peke yangu. Figo zikichoshwa na diklofenaki, dawa haitoki mwilini inavyopaswa. Nazijua zote, na bado uji nimeshauwaza. Nikifanya hivyo si nitakuwa nimemhakikishia kaka neno lake?

Kliniki ni tarehe 14. Kaka ametangaza atampeleka yeye, mimi nibaki nyumbani. Faili hajaliulizia. Bila lile faili daktari hatajua ini lilisomaje mara ya mwisho, wala kwamba dozi zimerukwa. Nikimpelekea mwenyewe nitaonekana najipendekeza kwa mtu aliyenivua nguo mbele za watu. Nimpe, Shangazi, au nisubiri aje aniombe?

Binti yako asiyelala