Kwa Nini Hatukati Nyasi Zako Hadi Chini Kabisa

"Kata chini kabisa, ili zikae muda mrefu." Wateja wengi wapya hapa Dar es Salaam hutupa agizo hilohilo, hasa masika yanapokaribia. Tunawaelewa, maana kila mkato ni hela. Lakini nyasi zilizonyolewa hadi udongo ukaonekana hazikai muda mrefu. Zinakufa mabakamabaka, na penye mabaka magugu ya ndago hayachelewi kuota.

Jani ndilo linalopika chakula cha mmea kwa mwanga wa jua. Ukiondoa nusu yake au zaidi kwa mpigo mmoja, mizizi husimama kukua kwa muda, kwa sababu mmea unatumia akiba yake kutoa majani mapya. Kiangazi kinakuja mizizi ikiwa bado mifupi, na kwenye mchanga wa Kigamboni, usioshika maji, bustani inageuka kahawia hata ukimwagilia kila jioni. Ndiyo maana hatuondoi zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja.

Urefu wenyewe unategemea aina. Ukoka huvumilia kukatwa hadi sentimita 3 au 4, kwa kuwa una mashina yanayotambaa juu na mengine yaliyojificha chini ya udongo, hivyo hata ukiumizwa huchipua tena. Nyasi za jani pana, zile ambazo wengi huziita pemba, hazina mashina ya chini. Mashina yake yote yanatambaa juu ya ardhi, na kisu kikishuka sana kinayakata hayohayo. Hizo tunaziacha sentimita 6 hadi 8, na zilizo chini ya mwembe tunazirefusha kidogo zaidi, zipate jani la kutosha kunasa mwanga mchache uliopo. Kama huna rula, simamisha kiberiti cha njiti wima katikati ya nyasi. Urefu wake ni kama sentimita 5. Baada ya kukata, pemba bado zikifunike. Ukoka unaweza kukiacha kinachungulia.

Wengine wanataka chini kabisa kwa kuogopa nyoka na mbu. Hofu hiyo ni ya haki, hasa penye watoto. Ila nyoka anatafuta kichaka, tofali zilizorundikwa na mahali penye panya, na mbu anazaliana kwenye maji yaliyotuama. Safisha kona ya nyuma ya nyumba na umwage maji ya kwenye makopo; hilo litakulinda kuliko kunyoa nyasi ambazo hata kifundo cha mguu hazikifikii.

Bustani iliyoachwa muda mrefu ina shida yake. Zipanue nyasi kwa mikono miwili utazame ndani: juu kuna kijani, chini yake ni vijiti vya rangi ya manjano visivyo na jani hata moja. Ukizikata zote leo, kesho uwanja mzima utakuwa wa manjano, na utadhani fundi kaunguza kitu. Bustani ya namna hiyo tunaishusha kwa awamu, tukiacha siku kadhaa kati ya mkato na mkato. Mteja akitaka imalizike siku hiyohiyo, tunamweleza hivi hivi kabla ya kuwasha mashine.

Kisu butu nacho kinaharibu. Angalia ncha ya jani siku moja au mbili baada ya kukatwa. Kama imechanika nyuzinyuzi na kupauka, kisu hakikukata, kilirarua, na majani yaliyoraruka hupoteza maji na kushikwa na ukungu kirahisi. Mashine ya begani yenye uzi wa nailoni tunaitumia kwenye kingo na kuzunguka miti tu. Uwanja mzima unahitaji mashine ya magurudumu, ambayo urefu wake wa kukata unapangwa. Ile ya begani inategemea mkono wa fundi, na mkono huchoka.

Nyasi zilizolowa hatukati, tunasubiri zikauke. Vipande vifupi tunaviacha palepale vioze, kwa kuwa vinarudisha mbolea kwenye udongo. Vikiwa virefu na vimelala kwa mafungu, tunavikusanya.

Kwa ratiba, masika tunakuja kila wiki, vuli kila wiki mbili, na miezi mikavu kila wiki tatu au nne kulingana na umwagiliaji wako. Mteja wa ratiba analipa kidogo kwa kila mkato, kwa sababu kazi ni nyepesi na haituchukui muda. Kama zako zimeshanyolewa hadi udongo, usikimbilie kuweka mbolea ya yurea. Mwagilia asubuhi, ng'oa ndago pamoja na vitunguu vyake vya chini, na usiruhusu mtu akate tena hadi majani yafunike udongo. Ukitutumia picha kwa WhatsApp, piga moja ya karibu kiberiti kikiwa kimesimama ndani ya nyasi, tujue urefu kabla ya kukupa bei.