Kuvumwani bandia kwenye chungu cha okidi: yanayobadilika baada ya kuhamisha mmea

Mwezi Mei uliopita mama mmoja wa Entebbe alituletea kitaluni okidi aina ya Phalaenopsis ambayo majani yake yalikuwa yamenyauka na kukunjamana, huku akisisitiza kwamba hakuwahi kukosa kuinywesha kila Jumamosi. Tulipoitoa chunguni tulikuta, katikati ya magome ya msonobari, donge la kuvumwani (mimea midogo laini ya mahali penye unyevu) lenye ukubwa wa ngumi ambalo mmea ulikuja nalo tangu uliposafirishwa kutoka nje ya nchi. Donge hilo lilikuwa jeusi kama makapi ya chai yaliyolala usiku kucha, na mizizi iliyolizunguka, ilipovutwa kidogo tu kwa vidole, ilibambuka ganda lake lote na kubakiza uzi mwembamba. Mmea ule ulikuwa unakufa kwa kiu ilhali umesimama ndani ya maji.

Tatizo hili ndilo linalotuletea wateja wengi kuliko jingine lolote, nalo ndilo lililotufanya tuanze kutumia kuvumwani bandia, yaani nyuzi laini za plastiki, tunapohamishia okidi ndogo kwenye chungu kingine. Kwa kuwa baadhi ya wateja wamerudi wakiuliza kwa nini mimea yao haifuati tena ratiba waliyoizoea, tumeona ni wajibu wetu kueleza jinsi nyuzi hizi zinavyofanya kazi.

Phalaenopsis kwa asili huota juu ya matawi ya miti bila kuunyonya mti wenyewe, na mizizi yake imefunikwa kwa tabaka la sifongo liitwalo velameni, ambalo hufyonza maji ya mvua kwa haraka kisha likahitaji hewa. Kuvumwani ya asili, yaani sfagnamu ambayo kwa sehemu kubwa huvunwa katika vinamasi vya Chile na New Zealand, hupendwa na wakulima kwa sababu ikiwa kavu inaweza kushika maji yenye uzito wa takriban mara 20 ya uzito wake. Hata hivyo, ni mmea uliokufa, na kila kilichokufa huoza. Kwa kawaida huanza kusagika na kushikamana baada ya mwaka 1 au 2, na katika baraza za Kampala na Entebbe, ambako kati ya Machi na Mei chungu kinaweza kukaa majuma bila kukauka, sisi tumeona ikiharibika mapema zaidi.

Kuvumwani bandia ni nyuzi laini za plastiki, mara nyingi poliesta, ambazo hazina chembechembe za kuhifadhi maji ndani yake, bali hushikilia maji katika nafasi zilizopo baina ya uzi na uzi. Kutokana na tofauti hiyo moja, mambo mengine yote hubadilika. Haiozi, hivyo njia za hewa hazizibiki haraka. Lakini maji yake huteremka na kukusanyika sehemu ya chini ya chungu, kiasi kwamba juu panaweza kuwa pakavu kabisa huku chini kungali kumelowa. Anayepima kwa kugusa juu kwa kidole atadanganyika.

Sisi wenyewe tulidanganyika. Mimea 12 ya kwanza tuliyoijaribu tuliishindilia nyuzi kama mtu anayejaza mto, kisha tukainywesha kila tulipoona juu pamekauka, na kabla ya miezi 3 kupita, mimea 5 ilikuwa imeoza ncha za mizizi. Tangu wakati huo tunazichambua nyuzi kwa mkono hadi ziwe nyepesi, tunatumia vyungu vifupi vya plastiki angavu vyenye matundu ubavuni, na tunamwomba mteja aitazame mizizi yenyewe: ikiwa na rangi ya kijivu inayong'aa, ina kiu, ikiwa ya kijani, iachwe. Asiye na chungu angavu achomeke kijiti cha mshikaki hadi chini, akiache kwa dakika 10, kisha akiguse. Kijiti kikitoka na unyevu, siku ya kunywesha bado, hata kama ni Jumamosi.

Jambo la pili ni chakula. Kuvumwani ya asili hushika sehemu ya madini na huyafanya maji kuwa na uchachu kidogo, ambao okidi huupenda. Nyuzi za plastiki hazifanyi lolote kati ya hayo, kwa hiyo mmea hupata kile tu unachomimina. Tunashauri robo ya kipimo cha mbolea kilichoandikwa kwenye pakiti kila unaponywesha, na mara moja kwa mwezi maji matupu yapitishwe kwa wingi ili kuondoa chumvi iliyojikusanya. Maji ya mvua kutoka kwenye bati safi yanafaa kuliko ya bomba.

Tunaomba pia kuvumwani bandia isichanganywe na ile mikeka ya kijani inayouzwa madukani kwa ajili ya kupamba meza na kuta. Ile ni plastiki ngumu iliyotiwa rangi, na maji huteleza juu yake kama juu ya jani la yugwa. Pamba ya mto wa zamani nayo, ambayo mteja mmoja alituletea akiwa amejawa na matumaini, hushikamana na kuwa donge baada ya majuma machache.

Hatutumii nyuzi hizi kwa kila okidi. Cattleya na Ansellia, yenye madoa kama ya chui na inayoota pia katika misitu yetu, hupenda kukauka upesi, na kwa hizo vipande vya mkaa pamoja na magome bado ni bora na ni nafuu. Tunasema wazi pia kwamba nyuzi hizi ni plastiki: zisitupwe kwenye mboji wala zisichomwe moto. Mteja akizirudisha tunaziosha, tunaziloweka katika maji yenye dawa ya klorini, tunazisuuza mara kadhaa, kisha tunazitumia tena.

Anayetaka kuhamishiwa mmea aulete asubuhi bila kuunywesha kwa siku 2 kabla, kwa maana mizizi iliyokauka kidogo hupinda bila kuvunjika. Tafadhali mje nao ukiwa ndani ya chungu chake kilekile, hata kama kimepasuka, na msiuchomoe nyumbani, kwani hali ya donge la katikati ndiyo hutuonyesha ulikuwa ukinyweshwa vipi.