Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Kaunti ya Mombasa: tushushieni mwendo wa magari mitaani

Kwako Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Kisauni. Nakuandikia kuhusu mwendo wa magari katika barabara za ndani ya mitaa yetu, hizi nyembamba zisizo na mistari wala vibao, ambapo mtoto akitoka mlangoni kwao hatua tatu tu ashaingia barabarani. Sizungumzii barabara kuu. Ile ya kwenda Malindi na ile ya kuelekea Nairobi zina wenyewe katika serikali ya kitaifa, na najua tukikuuliza kuzihusu utatuelekeza KeNHA au KURA, mamlaka za kitaifa za barabara kuu na barabara za mijini. Haya ninayoyaleta ni ya kwako. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, na shughuli za magari na maegesho.

Ombi langu ni hili: barabara zote za ndani ya mitaa ziwekewe kikomo cha kilomita 30 kwa saa, na zijengwe kwa namna ambayo dereva hawezi kuupita mwendo huo kwa raha zake.

Nitaanza na jambo ambalo huenda likaonekana la kukosa shukrani. Mitaa mingi ya Mombasa imewekwa kabro, yale matofali ya zege ya barabarani, miaka ya karibuni. Vumbi limepungua, tope la masika limepungua, na bibi zetu wanatembea bila kuhofia kuteleza. Mola awalipe mema waliofanya kazi hiyo. Lakini yale mashimo ya zamani, pamoja na ubaya wake wote, ndiyo yaliyokuwa yakimlazimisha dereva kwenda polepole. Kabro zikaja, mashimo yakazibwa, na hakuna kilichowekwa badala yake: si tuta, si kibao, si njia ya kupita watu kwa miguu. Siku chache tu madereva wa matatu wakagundua kwamba wakipita ndani wanakwepa foleni ya nje. Bodaboda wakafuata, na tuktuk zikafuata bodaboda. Barabara ambayo watoto walikuwa wakichezea mpira jioni ikageuka njia ya mkato.

Basi wakaazi wakafanya walichoweza. Tuta lililo karibu na duka la kona kwetu lilijengwa usiku na vijana wa mtaa, kwa saruji iliyobaki kwenye nyumba ya jirani na kokoto za kuokoteza. Limechongoka juu. Lilipakwa chokaa, mvua ya kwanza ikaiosha, na sasa rangi yake ni ile ile ya barabara. Mgeni halioni mpaka ameshalipanda. Tuktuk zinalikwaruza kwa tumbo. Nimeona mama mjamzito akimwomba dereva asimame, akashuka, akalivuka kwa miguu, kisha akapanda tena. Mvua ikinyesha, maji yanazuiwa hapo na kurudi barazani kwa watu, kwa sababu waliolijenga hawakuacha upenyo wa maji. Pamoja na hayo yote, ukienda na sululu kulibomoa utapigiwa kelele na mtaa mzima, na mimi nitakuwa mmoja wao. Tangu liwekwe, watoto wanavuka. Ukitaka kujua ni wapi wananchi wanaogopa magari, tuma watu wako wahesabu matuta ya kienyeji kuanzia Kisauni hadi Likoni, Chaani na Mikindani. Hiyo ndiyo ramani yako, na imeshachorwa bila gharama ya mshauri yeyote.

Mheshimiwa, kuna hesabu ambayo kila mhandisi katika idara yako anaijua, na naomba uwaulize wakufanyie mbele yako. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde linakata karibu mita 14. Dereva akimwona mtoto anachomoka nyuma ya lori lililoegeshwa, hupita kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki na breki haijashika. Maana yake gari limeshakwenda mita 14 na halijapunguza chochote. Sasa chukua gari la kilomita 30, breki zake nzima, lami kavu: kuanzia dereva alipomwona mtoto hadi gari kusimama kabisa ni kama mita 13 au 14. Pale ambapo gari la 30 limesimama, la 50 ndiyo kwanza linaanza kushika breki. Mtoto aliyesimama hapo, gari moja halimgusi. La pili linamgonga kwa mwendo wake wote.

Na pigo lenyewe halilingani. Mwendo ukitoka 30 kufika 50, nguvu ya kugonga inakaribia kuwa mara tatu. Kugongwa na gari la kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi juu, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 30 ni mita tatu na nusu. Huo ndio umbali ulioko kati ya mtoto kuvunjika mguu na mtoto kubebwa kwenye jeneza. Tumezoea kuambiana kwamba ajali haina kinga. Hii ina kinga, na inajulikana.

Najua utaniambia kikomo kipo tayari. Ni kweli. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 42, inamkataza dereva kupita kilomita 50 kwa saa ndani ya mipaka ya mji, na inaipa mamlaka ya barabara jukumu la kuweka vibao vya kuonyesha hivyo. Lakini tembea kutoka Bakarani uingie ndani, kisha uniambie umeona vibao vingapi. Dereva wa matatu kikomo anachokijua ni kile cha kidhibiti mwendo, nacho ni kilomita 80. Kifaa hicho kina kazi yake kwenye barabara ya Voi. Katika mtaa ambao nyumba zinatazamana na mitungi ya maji imepangwa kando, hakimzuii mtu kitu. Na hata hiyo 50 ni mwendo wa mwisho unaoruhusiwa, si mwendo unaofaa kila mahali. Kwa barabara ambayo watu na magari wanagawana nafasi moja, 50 ni mwendo wa kuua.

Miji mingine nayo ilipitia mjadala huu, na inafaa tujue walikosea wapi. Marekani, kwa miaka mingi, wahandisi walikuwa wakipanga kikomo kwa kuwapima madereva wenyewe. Wanasimama kando ya barabara, wanapima mwendo wa magari yanayopita bila kizuizi, kisha wanatafuta ule mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayaupiti. Huo ndio unakuwa kikomo, au karibu yake. Hebu fikiria maana yake: wanaokimbia ndio wanaopiga kura, na anayevuka kwa miguu hana kura. Madereva wakizidi kukimbia, kikomo nacho kinapandishwa kuwafuata. Jimbo la California lilibidi lipitishe sheria mwaka 2021 ili kuipa miji yake nafasi zaidi ya kushuka chini ya kipimo hicho. New York ilikuwa imeshachoka mapema. Novemba 2014 ilishusha kikomo cha kawaida cha jiji kutoka maili 30 kwa saa hadi 25, ambazo ni kama kilomita 40.

Njia bora zaidi ni kuanza na mtaa wenyewe. Nani wako barabarani, wako karibu kiasi gani na magari, na mwili wa binadamu unaweza kuhimili pigo gani? Jibu linakuja karibu lile lile kila mahali, kilomita 30. Graz, mji wa Austria, uliweka kikomo hicho katika barabara zake za makaazi tangu 1992. Hispania ilikifanya sheria ya nchi nzima mwezi Mei 2021, kwa barabara za mjini zenye njia moja kila upande. Helsinki, Finland, ambako zaidi ya nusu ya barabara zina kikomo cha 30, ilimaliza mwaka mzima hadi Julai 2025 bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani. Huo ni mji mkuu wenye magari, mabasi na tramu. Februari 2020 mkutano wa mawaziri mjini Stockholm ulitoa azimio la kutaka kilomita 30 kwa saa pale ambapo watu na magari wanachanganyika mara kwa mara, na Agosti mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliidhinisha.

Lakini sitaki uje upige picha na kibao kisha uondoke. Kibao pekee kinasaidia, ila kidogo. Boston, Marekani, waliposhusha kikomo cha jiji Januari 2017 hadi maili 25, watafiti walikuta uwezekano wa gari kupita maili 35 umeshuka kwa asilimia 29. Si haba. Ila huko dereva anaogopa faini, na hapa askari wa trafiki wako chini ya serikali kuu na hutawaona ndani ya Magodoroni saa kumi jioni. Askari wa kaunti nao hawana kazi ya kupima mwendo. Kwa hiyo barabara yenyewe iwe ndiyo askari. Ghana walipoweka matuta madogo madogo ya kutetemesha gari pale njia panda ya Suhum, kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, vifo hapo vilipungua kwa asilimia 55 hivi, kati ya Januari 2000 na Aprili 2001. Karibu na sisi zaidi, Dar es Salaam, mradi wa SARSAI ulizunguka shule za msingi ukiweka matuta, njia za miguu, vivuko na nguzo za kuzuia magari, ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Vitu hivyo fundi yeyote wa Mombasa anaviweza.

Naomba hapa unisikilize kwa makini, maana ndipo mpango wa kuletwa kutoka nje ungetuharibikia. Miji mingi inashusha mwendo karibu na shule, tena kwa saa za shule tu. Kwetu haitoshi. Mtoto wa Mombasa hurudi kutoka shule, akala, akavaa kanzu au buibui, akatoka tena kwenda madrasa. Jumamosi na Jumapili shule imefungwa na madrasa iko wazi. Ramadhani ikiingia, mitaa inajaa baada ya futari, watu wanakwenda tarawehe usiku na kurudi na watoto wadogo mkononi, wengine wakikaa barazani hadi saa sita. Ijumaa adhuhuri barabara za karibu na misikiti ni watu watupu, na Jumapili asubuhi ni zamu ya wanaokwenda kanisani. Hakuna saa ambayo unaweza kusema sasa watoto wameshapita, kimbieni. Kikomo kiwe cha saa zote na siku zote.

Wenye matatu watalalamika kuhusu muda. Kipande cha mita 600 ndani ya mtaa kwa kilomita 50 ni sekunde 43. Kwa 30 ni sekunde 72. Tofauti haifiki nusu dakika, na abiria mmoja akitafuta chenji inapita zaidi ya hiyo. Wa ambulansi wana hoja nzito zaidi, lakini yapo matuta yanayojengwa vipande vipande, ambayo gari pana linapitisha magurudumu kwenye nafasi zilizoachwa. Nafasi hizo hizo zinapitisha maji ya mvua.

Sisi wakaazi hatukukaa tukisubiri. Tulipiga mistari miwili ya chaki kwenye kabro, mita 50 kutoka mmoja hadi mwingine, tukapima kwa saa ya simu. Gari likivuka nafasi hiyo kwa sekunde sita, liko kwenye kilomita 30. Likivuka kwa sekunde tatu na nusu, limepita 50. Matatu nyingi zilikuwa zimeshavuka kabla ya sekunde ya nne. Si kipimo cha mahakamani, lakini mtaa wowote unaweza kukifanya leo jioni, na ningependa wahandisi wako waje na vyombo vyao vya kweli waturekebishe.

Kwa sheria, kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti si baada ya Septemba 1. Naomba kikomo cha kilomita 30 kiingie humo, kikiwa na fungu lake la fedha, kwa kuanzia na mitaa iliyowekwa kabro, kwani huko ndiko mwendo umepanda. Kila kandarasi mpya ya kabro iwe na matuta, vivuko na vibao ndani ya bei yake tangu siku ya kutiwa saini. Na matuta ya kienyeji msiyabomoe mpaka la kwenu limekauka na kupakwa rangi pale pale. Kikao cha maoni ya wananchi mkikifanya Kisauni, kifanyeni baada ya Alasiri, ili akina mama wanaowapeleka watoto madrasa wapate kuja kusema wenyewe.

Wako kwa heshima,

Mzazi na mkaazi wa Kisauni, Mombasa